Kamera ya Bei Poa kwa Shoo za Usiku: Canon 6D ya Mtumba

Watu wangu, karibuni tena! Wiki nzima mnaniuliza: "Kaka, nataka kupiga picha za shoo usiku, hela yangu ndogo, ninunue kamera gani?" Ninayo hapa mkononi. Canon EOS 6D. Ndiyo, hii ya mwaka 2012. Ilipotoka bodi peke yake, bila lenzi, ilikuwa dola 2,099, na leo mtumba wake unaupata kwa sehemu ndogo tu ya hela hiyo. Senza kubwa, megapikseli 20, hayo mnayajua, twende.

Kinachonipa raha ni hiki. Nazima taa. Mnaniona kwa shida, eeh? Sasa tazameni. Nachagua nukta ya fokasi ya katikati peke yake, ile kamera inayoitumia kukamata ukali wa picha, naielekeza kwenye shingo ya hili gitaa, nabonyeza shata nusu... pii! Imekamata. Nahamia kwenye maiki... pii! Jamani! Canon wenyewe wanasema nukta hii inafanya kazi mpaka EV -3, yaani kwenye mwanga wa mbalamwezi. Haya, nachukua nukta ya pembeni. Subirini... inakwenda, inarudi, inakwenda, inarudi. Wapi! Nukta ziko 11, ila gizani mimi naitegemea moja. Mwimbaji namweka katikati, napiga, nikifika nyumbani ndiyo nakata picha. Usikamate fokasi halafu ukahamisha kamera. Kwa lenzi inayofunguka sana kama f/1.8, sehemu inayotoka kali ni nyembamba, macho ya mtu yatatoka na ukungu.

Najua wa Nikon mmeshaanza kuandika huko chini. D750 ya 2014 ina nukta 51, ina nafasi mbili za kadi, na gizani inaona vizuri vilevile. Ukiikuta kwa bei inayokaribiana na hii, ichukue, sina ubishi. Mimi lenzi zangu ni za Canon, basi.

Na hapo kwenye lenzi ndipo watu wanapotupa hela. Mtu anamaliza pesa yote kwenye bodi mpya, halafu anaingia uwanjani na lenzi ya f/5.6, inayofunguka kidogo tu. Mimi hayo yalinikuta Ngome Kongwe, Zanzibar, usiku wa Sauti za Busara: ISO, yaani hisia ya senza kwa mwanga, 6400, shata 1/40 ya sekunde, mikono ya mpiga ngoma yote imevurugika. Hii ndogo hapa, 50mm f/1.8 STM, ilitoka 2015 kwa dola 125 tu, na inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile. Hesabu mwenyewe: 1/40 inakuwa 1/400 na ISO ni ileile. Mkono unaganda hewani! Chenga, zile punjepunje za ISO kubwa, zipo, ndiyo, ila chenga zinasafishika. Picha iliyotikisika ndiyo basi tena.

Taa nyekundu za LED zikimpiga msanii usoni, punguza mwanga stopu moja, yaani ubaki nusu, na upige RAW, faili ghafi la kamera, la sivyo uso unakuwa doa jekundu tupu.

Nawasha taa. Ijumaa naileta 85mm f/1.8, kwa wale mnaosimama mbali na steji. Bonyeza kengele, na niandikie mtaani kwako 6D wanaiuza bei gani.