Kuchangia AGA Research Foundation: unachonunua na namna ya kukilipia

Mfuko huu uko Bethesda, Maryland, na ni mkono wa hisani wa American Gastroenterological Association, chama cha madaktari na wanasayansi wa tumbo, utumbo, ini na kongosho kilichoanzishwa mwaka 1897. Unapokea michango na kuigawa kama ruzuku za utafiti. Hukumu yetu tuitoe mapema: kwa mtu anayelipa kodi Marekani na anayetaka fedha zake zimfikie mtafiti anayeanza, hapa ni mahali pazuri. Anayetaka kuona dawa mpya mwakani atavunjika moyo.

Ruzuku yao kubwa, Research Scholar Award, ni $100,000 kwa mwaka kwa miaka 3. Mwombaji awe katika chuo au taasisi ya Amerika Kaskazini, na asiwe amepitisha miaka 7 tangu amalize mafunzo. Kigezo hicho kimekaa mahali pake. Daktari bingwa wa tumbo akishahitimu, hospitali humtaka kwenye chumba cha endoskopia (kuchungulia tumbo na utumbo kwa kamera), kwa sababu kila kolonoskopia, yaani kipimo cha kamera kwenye utumbo mpana, inaingiza fedha na saa za maabara haziingizi kitu. Ruzuku kubwa ya serikali, ile R01 ya NIH (taasisi za serikali ya Marekani za utafiti wa afya), haipatikani bila data za awali, na data za awali hazipatikani bila fedha. Wengi huipata kwa mara ya kwanza wakiwa wameshavuka miaka 40, na wengine huacha utafiti kabla ya kufika huko. Kwa hiyo mchangiaji hapa ananunua muda wa mtafiti. Barry Marshall alikuwa bado daktari mwanafunzi wa ubingwa mjini Perth, Australia, mwaka 1981 alipoanza kushirikiana na mtaalamu wa patholojia Robin Warren kuchunguza bakteria wa tumboni, wale waliokuja kuthibitika kusababisha vidonda vya tumbo. Nobeli ikaja 2005. Yeyote anayedhani kazi kubwa husubiri mvi, na aanzie hapo.

Ipo pia ruzuku ya majaribio ya mwaka mmoja, $40,000. Hii ni nyembamba. Fundi mmoja wa maabara wa kudumu, ukijumlisha bima na marupurupu, anaimaliza peke yake. Inafaa kupima wazo moja tu, si kujenga maabara.

Kuhusu ukubwa wa mchango, hesabu ni hii. Wanaoahidi $5,000 kila mwaka kwa miaka 5, au $50,000 kwa njia ya wosia na mipango ya namna hiyo, huingizwa kwenye AGA Legacy Society. Jumla ya hiyo miaka 5, yaani $25,000, inalipia robo ya mwaka mmoja wa mtafiti mmoja. Ukiwaza wakfu wa kudumu, yaani mtaji usioguswa ambao hutumika faida yake tu, mfuko unaotoa asilimia 4 kwa mwaka unahitaji $2,500,000 ili uzae $100,000. Mwenye $50 au $200 atoe bila haya, ila ajue fedha yake inaingia kwenye chungu cha pamoja na hatachagua mtafiti. Na usijaribu kumpa mtafiti mkononi: mchango kwa mtu binafsi haukatwi kwenye kodi, yaani haupunguzi mapato yanayotozwa kodi.

Namna ya kutoa ndiyo inayowapotezea watu fedha nyingi kuliko kitu kingine. Kama una hisa zilizopanda bei na umezishika zaidi ya mwaka, usiziuze kwanza. Zihamishe kama zilivyo: hutalipa kodi ya ongezeko la mtaji, na kwa kawaida unakatiwa thamani kamili ya siku ya uhamisho. Zilizoshuka, fanya kinyume: uza, dai hasara, kisha toa taslimu. Kosa la kila Desemba ni kwamba hisa hufika kwa mfuko bila jina la mtoaji. Mwandikie ofisa wa michango kabla ya uhamisho, ukitaja jina la hisa, idadi, na dalali anayezituma, la sivyo risiti itachelewa au isije kabisa.

Mwenye umri wa miaka 70 na nusu au zaidi anaweza kutoa moja kwa moja kutoka akaunti ya IRA (akiba binafsi ya uzeeni), na kiasi hicho hakihesabiwi kuwa mapato. Kikomo cha mwaka 2025 kilikuwa $108,000, nacho hupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Hundi iandikwe kwa jina la mfuko. Ikiandikwa kwa jina lako, hata ukiipeleka siku hiyo hiyo, imekuwa mapato yako. Akaunti ya 401(k), ile akiba ya uzeeni ya kazini, hairuhusiwi. Ihamishie kwanza IRA.

Tangu 2026, wasioorodhesha makato (wanaochukua punguzo la kawaida la kodi badala ya kutaja makato yao moja moja) nao wanaruhusiwa kukata michango ya taslimu hadi $1,000, au $2,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Wanaoorodhesha hupoteza asilimia 0.5 ya kwanza ya mapato yao yaliyorekebishwa: mwenye $120,000, mchango wa $600 za mwanzo hauhesabiwi. Ndiyo maana kukusanya michango ya miaka miwili au mitatu na kuitoa kwa mkupuo kuna faida: asilimia hiyo unaipoteza mara moja badala ya kila mwaka. Mchango wa $250 na kuendelea unahitaji barua ya mfuko, na uwe nayo kabla ya kuwasilisha ritani ya kodi. Taarifa ya benki haitoshi. Muulize pia mwajiri wako kama anaongezea michango ya wafanyakazi. Fomu zake huwa na mwisho wa muda, na hakuna atakayekukumbusha.

Kabla ya kutoa kiasi kizito, soma Fomu 990 ya mfuko (taarifa yake ya mwaka kwa mamlaka ya kodi ya Marekani), ambayo ni ya wazi kwa umma. Sehemu ya IX inatenganisha fedha za programu, utawala na uchangishaji. Jedwali I linaonyesha ruzuku zilizotolewa. Linganisha miaka mitatu, kwani mwaka mmoja unaweza kudanganya.

Upungufu mkubwa kwa msomaji wa Kiswahili ni mipaka. Saratani ya umio inawaua watu wengi magharibi mwa Kenya, na Hospitali ya Tenwek, Bomet, imeishughulikia kwa miaka mingi. Daktari kijana wa huko hawezi kuomba Research Scholar Award akiwa Bomet. Ukitaka fedha zifike kule, tafuta shirika lililosajiliwa Marekani linalopeleka ruzuku Kenya, kwa sababu mchango uliotumwa moja kwa moja kwa shirika la nje haukatwi.

Wanaopanga wosia waombe jina kamili la kisheria na namba ya kodi ya mfuko. Kusudi liandikwe kwa upana, mfano "utafiti wa magonjwa ya mfumo wa chakula", na kifungu kinachoruhusu bodi kubadili matumizi. Fedha zilizofungwa kwenye ugonjwa mmoja adimu huweza kulala miaka kwa kukosa mwombaji anayefaa.