awk ilivyomnyima bibi wa watu kilo yake ya iliki

Sitaki kuambiwa kwamba awk, programu ya kuchuja na kujumlisha data za mafaili, ni nyepesi, ina kasi, na ipo karibu kwenye kila kompyuta ya Linux. Hayo nayajua, nimeitumia miaka. Nina jambo moja tu, na mpaka leo linanichoma.

Nashika hesabu za mnunuzi wa viungo hapa Ngamiani, Tanga. Akina mama wanashuka na iliki kutoka milima ya Amani, kidogo kidogo, mtu na gramu zake mia. Mimi nilikuwa naandika kwa kilo: 0.1. Anayefikisha kilo moja kwa mwezi anaongezewa bei. Skripti yangu, yaani maagizo niliyoiandikia awk, inajumlisha kwa kila jina, kisha inachuja wenye 1 au zaidi.

Siku hizo Ramadhani imekaribia, akaja bibi mmoja. Jina lake halikutoka kwenye orodha. Nikamchapishia jumla yake, karatasi ikasema 1. Akaitazama, akanitazama: "Mwanangu, hii moja na kilo moja zina tofauti gani?"

Sikuwa na jibu. Nikamrudisha mtu mzima Muheza bila haki yake, nauli kajilipia mwenyewe.

Usiku ule sikulala. Nikaiamuru awk ichapishe kwa %.17g, yaani hadi tarakimu 17, ndipo ikasema ukweli: 0.99999999999999989. Jumlisha 0.1 mara kumi, utaona. Kompyuta inahesabu kwa sifuri na moja, na kwa hesabu hiyo sehemu ya kumi haiishi, kama sisi tunavyoandika theluthi 0.333 na kuendelea. Basi inakadiriwa, na kila ukijumlisha inakadiriwa tena.

Nilipoelewa hivyo nilitaka kuisamehe. Kosa si lake peke yake. Kiwango chenyewe cha kompyuta kuhifadhi namba za desimali, IEEE 754, kilianza 1985, na lugha ya programu ya Python inakifuata vilevile. Lakini Python ukijumlisha moja moja inakuandikia 0.9999999999999999 waziwazi, unashtuka mapema. awk ukiiambia print inakadiria hadi tarakimu sita na kukuwekea 1. Inachuja kwa namba nyingine, inakuonyesha nyingine! Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Sasa naandika gramu nzima: 100 mara kumi ni 1000, haipungui hata chembe. Mafaili ya zamani nazidisha kila mzigo kwa 1000, naongeza 0.5, napitisha kwenye int inayokata desimali, ndipo najumlisha.

Nilikuwa nimeipa nyota moja. Nikafuta nikaweka tatu, maana juzi imenichujia daftari la mwaka mzima kufumba na kufumbua, na hakuna jina lililopotea. Kazi nzuri, siwezi kuikana.

Bibi nilimtumia tofauti yake kwa simu na kumwomba radhi. Akasema, "Haya, mwanangu." Iliki yake siku hizi anauza kwingine.

Nyota mbili.