Seti ya Zana za Ribiti kwa Mjenzi wa Ndege: Tathmini Baada ya Mkia na Bawa Moja

Nimeitumia seti hii kwa miezi kumi na minne nikijenga ndege ya viti viwili ya mabati ya alumini, na sasa mkia wote pamoja na bawa la kushoto vimekamilika. Ndani ya sanduku mna bunduki ya ribiti, yaani vijiti vifupi vya kuunganishia mabati, inayoendeshwa kwa upepo wa kompresa, mafuawe mawili ya mkono, moja la chuma cha pua na jingine la tangsteni, kibanio cha mkono cha kukandamizia ribiti za ukingoni, jozi nne za kalibu za kubonyezea bati, na kleko mia mbili, vile vibanio vya muda vinavyoingizwa matunduni kushikanisha mabati kabla ya ribiti, pamoja na koleo lake. Mtengenezaji simtaji, kwa kuwa ninachopima ni namna seti ya aina hii inavyomfaa mtu anayejenga peke yake au na msaidizi mmoja. Baada ya maelfu ya ribiti nina msimamo mmoja, nao ni kwamba zana inayogusa bati ndiyo ya kuigharimia. Zana iliyo mbali na bati inaweza kuwa ya kawaida tu.

Fuawe la tangsteni ndilo lililonifanya niione seti hii kuwa na thamani. Bunduki hupiga kichwa cha ribiti kilichotengenezwa kiwandani, na fuawe, likiwa limeshikwa upande wa pili, ndilo linalousukuma mkia wa ribiti ufutuke na kuwa kichwa cha pili. Fuawe likiwa jepesi hurukaruka, na mkia hupinda badala ya kufutuka sawasawa. Tangsteni halisi ina gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali chuma cha pua kina gramu 7.8 hivi, aloi ya mafuawe haifiki kiwango cha tangsteni halisi, lakini hata hivyo kipande kinachojaa kiganjani tu huwa na uzito unaokaribia kilo moja. Ndani ya bawa, pale ambapo mkono hupita kwa shida kati ya ubavu na ubavu, udogo huo wenye uzito hauna mbadala. Lile la chuma cha pua nililitumia wiki tatu, nikaliweka kando.

Kasoro yake ni kona. Limekuja na kona kali kama za tofali jipya, na siku ya kwanza lilikwangua ukingo wa ubavu mkwaruzo wa urefu wa kucha. Mkwaruzo wa namna hiyo si suala la sura tu, kwa kuwa bati la ndege hutikisika maisha yake yote, na ufa hupenda kuanzia mahali penye mchubuko. Niliulainisha kwa msasa laini hadi ukucha ukawa haunasi tena, kisha nikazizungushia kona za fuawe utepe mzito, nikiacha wazi uso wa kupigia peke yake. Tangu siku hiyo sijapata mkwaruzo mwingine.

Seti haina geji ya kupimia ribiti zilizokwisha kupigwa, na huo ni upungufu mkubwa kuliko unavyoonekana. Kichwa kinachofutuka kinapaswa kuwa na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti na kimo cha nusu ya kipenyo hicho. Kwa ribiti ya milimita 2.4 hiyo ni milimita 3.6 kwa 1.2, kwa ribiti ya milimita 3.2 ni 4.8 kwa 1.6. Nilichukua ukanda wa bati lenye unene wa milimita 1.2, nikautoboa tundu la milimita 3.6, nikaulainisha kingo. Ukiuvisha juu ya ribiti, unajua papo hapo: ukicheza kwa nafasi, kichwa bado chembamba, kichwa kikichomoza juu ya ukanda, bado kirefu. Nimetengeneza wa pili kwa ribiti kubwa, na zote mbili hukaa shingoni mwangu kwenye kamba.

Bunduki yenyewe ni ya wastani. Kifyatulio chake hakipandi taratibu. Hukaa kimya, kisha huachia upepo kwa mkupuo. Nimemudu hilo kwa kuushusha upepo kwenye valvu ya kidhibiti iliyo mpinioni hadi psi 40 hivi kwa ribiti za milimita 2.4, nikianza kila siku kwa kujaribu kwenye vipande vya bati chakavu kabla ya kuigusa ndege. Kichwa chake cha kupigia ribiti bapa ni kizuri kweli: kina uso mpana unaocheza kidogo na kufuata mkao wa bati, na kimezungukwa na mpira unaokizuia kuteleza. Tatizo lilinipata kwenye kile chenye kikombe, kinachopiga ribiti za kichwa cha mviringo. Mpira wa kupitishia upepo uliokuja na seti ni mgumu na mzito, nao huivuta bunduki upande. Siku moja iliinama kidogo sana, na ukingo wa kikombe ukaandika juu ya bati jipya alama ya mwezi mwandamo, nyembamba na yenye kina. Nilibadilisha mita mbili za mwisho za mpira huo kwa mpira laini na mwembamba, na bunduki ikatulia mkononi.

Tukio baya kuliko yote halikutokana na zana. Mdogo wangu ndiye hunishikia fuawe, na sote huvaa vizuia sauti masikioni, kwa sababu kelele ya bunduki ndani ya bati tupu haivumiliki. Tulikuwa kwenye usukani wa mkiani. Alisema, "Bado, kaka," mimi nikasikia "kaka" peke yake, nikaichukua kuwa ndiyo itiko. Nilifyatua kabla fuawe halijafika. Ribiti isiyokingwa nyuma huingia pamoja na bati, na hapo palibaki bonde dogo ambalo mwanga wa taa ya pembeni huliona hata leo. Tulikaa chini tukapanga maneno mapya yasiyofanana kwa sauti wala kwa urefu. "Weka" ni langu, nikimaanisha kwamba bunduki imekwisha kukaa juu ya kichwa. "Nimeshika" ni lake, na ndilo pekee linaloruhusu kidole changu kugusa kifyatulio. "Toa" ni la yeyote kati yetu. Neno "kaka" tumeliacha liwe la wakati wa chai. Namshauri kila anayeanza kazi hii na msaidizi afanye mpango huo kabla ya ribiti ya kwanza, na mwenye fuawe awe ndiye mwenye amri, maana ndiye asiyeonekana.

Sasa kalibu, ambazo ndizo sehemu mbovu ya seti. Bati jembamba, la milimita 0.8 kushuka chini, hubonyezwa ili kichwa bapa cha ribiti kilale sawa na uso wake. Bati nene zaidi, kuanzia milimita moja hivi, hutanuliwa mdomo wa tundu kwa biti maalumu. Kalibu nzuri huacha kibonyeo chenye ukingo mkali na bati tambarare pande zote. Hizi ziliacha pete hafifu kuzunguka kila tundu, kwa sababu uso wake haukung'arishwa na ukingo wake una makali. Nilizing'arisha saa nzima, pete ikapungua bila kuisha, na hatimaye nikanunua jozi nyingine nje ya seti. Hapo ndipo msimamo wangu kuhusu zana inayogusa bati ulipothibitika: mtengenezaji amewekeza kwenye sanduku zuri lenye bawaba, akabana matumizi kwenye kitu kinachoandika juu ya kila sentimita ya ndege yangu.

Kuna makosa mawili hapa ambayo kalibu haiyabebi. La kwanza ni kushusha nyundo kabla kijiti cha kalibu hakijaingia tunduni. Nilifanya hivyo mara moja, nikapata tundu la pili ubavuni mwa la kwanza, mfano wa namba nane, na bati zima la usukani likarudi kuwa la mazoezi. La pili ni kutumia biti ya kawaida ya useremala au ya bomba kutanulia mdomo wa tundu. Biti hizo nyingi ni za nyuzi 82 au 90, ilhali kichwa bapa cha ribiti ya ndege ni cha nyuzi 100, kwa hiyo ribiti hukaa juu ya ukingo mwembamba na baada ya muda hulegea.

Kleko hazina lawama. Rangi ya fedha ni za tundu la milimita 2.4 na ya shaba ni za milimita 3.2, springi zake zina nguvu, na sijaona iliyonasa. Mia mbili hata hivyo hazitoshi bawa.

Kibanio cha mkono kinastahili sifa kwa ribiti za ukingoni. Kikishakadiriwa kwa skrubu yake, kila ribiti hutoka sawa na mwenzake bila kelele na bila msaidizi. Kwa ribiti za milimita 3.2 mikono huchoka baada ya thelathini hivi, nami hapo hupumzika, kwa sababu mkono uliochoka hukibana kikiwa kimeinama.

Ribiti iliyoharibika nayo inahitaji subira kuliko zana. Hutoboa kichwa chake katikati kabisa kwa biti iliyo ndogo kuliko tundu kwa namba moja, kwa kina cha kichwa peke yake, kisha huingiza kijiti cha chuma na kukikongoa kichwa, na mwisho huusukuma mkia utoke huku bati likiwa limekingwa nyuma kwa kipande cha mbao. Nikitumia nguvu tundu hutanuka, na tundu lililotanuka hudai ribiti kubwa zaidi, ambayo nayo hudai umbali wa angalau mara mbili ya kipenyo chake kutoka ukingoni. Ribiti yenye upungufu mdogo ulio ndani ya kipimo naiacha ilivyo.

Ningeinunua tena seti hii kwa ajili ya fuawe, kibanio na kleko, nikijua kwamba kalibu zitabadilishwa kabla ya kazi kuanza na mpira wa upepo utafuata siku ileile. Bawa la kulia linaanza wiki ijayo. Nimekwisha kuagiza kleko nyingine mia mbili za rangi ya fedha.