Fundi bustani wa barabarani kanitengenezea mbele ya nyumba: uzoefu wangu

Laki nane na nusu ndo iliyonitoka kutengenezewa mbele ya nyumba huku Kibada, Kigamboni, kaeneo ka mita 12 kwa 6 kati ya geti na baraza. Alianzia milioni moja na laki mbili, tukavutana weee mpaka tukafika hapo. Huyu fundi sikuletewa na mtu, ni wale jamaa wanaopanga viriba vya maua kando ya barabara, ukisimamisha gari tu hujashuka ashafika dirishani "karibu mama, maua gani". Mwaka na miezi imepita sasa ndo naweza kumsema kwa haki, maana bustani ikiwa na wiki mbili kila fundi anaonekana bingwa.

Alipokuja kuangalia eneo nilimwonyesha picha kwenye simu, nyumba moja ya Masaki, pamu mbili ndefu getini, waridi mstari mzima, kokoto nyeupe. Akaangalia picha, akaangalia chini, akachota mchanga kiganjani akaumwaga. Akaniuliza mama maji unatumia ya wapi, nikamwambia kisima. Akafungua bomba AKAONJA, jamani aliyaonja kweli, akatema pembeni akasema haya yana chumvi, waridi utazisikitikia. Mimi nikajua huyu anataka kunisukumia vitu vyake vilivyomdodea, nikang'ang'ania waridi zangu 10. Basi zilipandwa mwezi wa kumi na moja na mvua za vuli zikachangamka mpaka majirani wakasimama getini kuuliza, kuja kufika Januari mvua hamna, ni maji ya kisima tu na lile jua, majani yakaanza kuungua kingo kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa. Februari zilibaki mbili, sa hivi hakuna hata moja. Hilo simlaumu kabisa, ni ubishi wangu na hela yangu.

Nyasi ndo alipocheza. Alisema tuweke paspalamu maana haigombani na chumvi, na kweli. Hakuleta zile za kutandika kama zulia, alipandisha vishina, kimoja mpaka kingine nafasi ya kiganja, baba watoto akasema tumepigwa, hela yote ile tumeletewa kipara. Masika ilipoingia Machi zikatambaa zikakutana, Mei hauoni mchanga. Watoto wanacheza mpira humo kila siku na bado zipo.

Ila udongo! Huku kwetu ni mchanga mtupu, ukimwaga ndoo ya maji unayasikia yanavyokimbia, kwa hiyo alileta kirikuu mbili za udongo mweusi na samadi akachanganya. Wazo zuri, lakini udongo ule ulikuja na ndago, lile gugu, na hakuna mtu aliyenionya. Ndago ukiing'oa kwa hasira inakatika, ile punje yake nyeusi inabaki chini na wiki ijayo inakusalimia tena, inabidi uchimbe na kisu mpaka uifikie. Kila Jumamosi asubuhi nipo chini na kisu cha jikoni. Kama mnaleta udongo, mnunuzi aende mwenyewe akauone kabla haujapakiwa, na ukiona vile vipunje kama shanga vimeshikana na mizizi usilipe.

Sasa nije kwenye kilichoniuma. Kando ya baraza alipanga iksora 14, zile za maua mekundu. Siku ya kupanda yeye mwenyewe aliondoka saa tisa akaacha vijana wawili, nao giza linaingia wanakimbizana na pantoni. Baada ya miezi kama miwili nikaona kuna mche umenyauka na maji naupa sawa na mingine, nikashika shina nikavuta, ukatoka mzima mzima na KIRIBA CHAKE. Yani wamechimba shimo, wametumbukiza mche na nailoni, wamefukia. Mizizi imezunguka humo ndani imejisokota kama waya wa chaja. Nikachimbua yote, mitano ilikuwa hivyo hivyo.

Nikapiga picha nikamtumia, tiki za bluu, kimya. Siku ya tatu akatokea mwenyewe na iksora tano mpya, hakuomba hata nauli, akazipanda mbele yangu na akachimba mashimo mapana zaidi maana pale karibu na ukuta alikuta mabaki ya saruji na vipande vya tofali vya mafundi ujenzi, akasema ndo maana hata zilizokuwa hazina kiriba zimepauka njano. Kwa hilo nilimheshimu, wengi wangenibloku.

Kosa la pili ni fikasi. Aliweka mbili kona ya geti, hatua mbili kutoka chemba ya maji taka. Mzee jirani alipita siku moja akasema mwanangu mizizi ya huo mti inatafuta maji mpaka iyapate, utakuja kufukua mabomba. Nikamlipa kijana elfu 20 akazing'oa zikiwa bado ndogo. Fundi wa bustani kutojua hilo, hapana bana, alijua tu kwamba zinauzika. Kokoto nyeupe nazo hakuzitandikia kitu chini, nusu zimezama mchangani.

Bogenvilia ndo imebeba sura ya nyumba nzima, na ni moja tu, aliniongezea bure. Nilikuwa naimwagilia kila jioni, ikawa majani matupu, fundi alipokuja na zile iksora akacheka, "mama unaionea huruma mno, inyime maji". Nikaiacha na jua lake, nayo ikawaka yote rangi ya pinki mpaka juu ya ukuta. Binti yangu ndo alikuja kunionyesha kwamba lile la pinki ni majani tu, ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati kama kichwa cha pini. Miaka yote hii nilikuwa sijui.

Nikimpa maksi ni 7 kwa 10, tatu nimekata kwa ajili ya fikasi, ndago na kuondoka saa tisa. Nilimlipa hela yote siku ile ile na hapo ndo nilipokosea, ningebakiza laki mbili za kulipa masika ikiisha. Mwezi wa kumi na moja anakuja kunifanyia upande wa nyuma, waridi hamna, na nimeshamwambia viriba vyote viwekwe kwenye ndoo nivihesabu kabla vijana hawajaondoka.