Fundi majiko ya gesi Ngamiani, huyu namkubali

Jamani jiko langu la plate nne limenitesa wiki mbili, moto wa njano, masufuria meusi chini utadhani napikia kuni, na ile plate kubwa ukiachia swichi tu inazima. Nikaambiwa mtungi mbovu, nikabadilisha, wapi!

Juzi nikalibeba kwa bajaji mpaka kwa fundi huku Ngamiani, Tanga. Hakukimbilia kuniuzia spea. Kafungua bana, pale moto unapowakia, kachomoa nozeli, kale kakipande gesi inapotokea, kanionyesha kwenye mwanga, katundu kamezibwa na uchafu, akakazibua taratibu kwa kawaya kama unywele maana kakitanuka gesi inazidi hewa na masizi yanarudi palepale. Ile ya kuzima kumbe kile kijiti kinachohisi joto pembeni ya bana kimejaa masizi, kakisugua na msasa laini basi. Halafu kapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, tukaona mapovu yanatoka pale unapoingia kwenye regyuleta!! Nilitetemeka, nina watoto mie, na gesi hii nzito kuliko hewa inalala sakafuni. Mpira mpya na klipu, jumla 25,000.

Foleni tu ndefu, nimekaa saa tatu mpaka adhuhuri. Ila moto sasa hivi bluu.