Miezi minane na presha kuka ya umeme, daftari mkononi na macho kwenye LUKU

Presha kuka niliyoinunua mwezi wa pili ni ya lita 6, ina nguvu ya wati 1,000, na niliilipia shilingi 165,000 katika duka moja la vyombo Kariakoo baada ya muuzaji kuanza na 180,000. Jina lililoandikwa ubavuni sitalitaja, kwa kuwa katika mtaa huohuo niliona chombo hichohicho, chenye vitufe vilevile na ufuniko uleule, kikiuzwa kwa majina matatu tofauti. Tathmini hii, kwa hiyo, inahusu aina ya chombo zaidi kuliko nembo yake. Nimeitumia kwa miezi minane katika nyumba ya kupanga Tabata, tukiwa watu watano, na tangu siku ya kwanza nimekuwa nikiandika kwenye daftari la shule kila kilichopikwa na uniti zilizotumika. Kilichonisukuma kununua hakikuwa hamu ya vyombo vipya. Nilitaka kujua kama umeme wa Tanzania, kwa bei tunayotozwa, unaweza kushindana na mkaa jikoni.

Kwa vyakula vinavyochemshwa muda mrefu, unaushinda mkaa kwa mbali. Kwa vingine haushindi, na mahali pengine hata haushindani.

Njia ya kupima ilikuwa rahisi. Nilizima friji, nikachomoa televisheni na chaja zote, nikaiacha presha kuka peke yake kwenye soketi, kisha nikaenda kusimama mbele ya mita. Mita yetu ya LUKU, yaani ya kununua umeme kabla ya kuutumia, ina taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima mara 1,000 kwa kila uniti moja, kama ilivyoandikwa usoni pake, na kwa hiyo anayetaka kujua umeme unakwenda wapi hahitaji kifaa kingine zaidi ya saa na subira. Niliweka nusu kilo ya maharage ya njano ambayo hayakulowekwa, nikafunga ufuniko, nikageuza vali. Kwa dakika 18 mfululizo taa iliwaka kila baada ya sekunde tatu na nusu hivi. Kile kipini kidogo cha ufunikoni kilipopanda na mvuke ukaacha kuvuja, taa ilitulia kabisa, nami nikadhani uniti zimeisha. Baada ya dakika mbili iliwaka mara chache, ikatulia tena, na ikaendelea hivyo hadi mwisho. Kumbe jiko lenyewe lilikuwa limejizima: sufuria ya ndani imezungukwa na ganda linalozuia joto kutoka, na mgandamizo unayafanya maji yachemke kwa joto linalozidi nyuzi 110, kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa kuongezea joto kidogo tu kila lilipopungua. Maharage yaliiva kwa dakika 55 na yalitumia uniti 0.37.

Uniti hizo, kwa bei ya nyumba yetu, ni shilingi 132. Maharage kama hayo niliyapika kwenye jiko la mkaa wiki iliyofuata: yalichukua saa mbili na nusu na zaidi ya nusu ya kopo la mkaa la shilingi 2,000. Kwa gesi niliupeleka mtungi wa kilo 15 kwenye mizani ya jirani anayeuza unga, kabla na baada ya kupika, na mtungi ulikuwa umepungua gramu 230, ambazo kwa bei niliyojazia ya shilingi 56,000 zinakaribia shilingi 860. Makande, kongoro, utumbo, mbaazi na choroko vyote vimefuata mkondo huohuo, na kongoro ndilo lililoacha pengo kubwa kuliko vyote, kwa kuwa mkaani lilikuwa likikaa tangu asubuhi hadi baada ya adhuhuri. Muuza mkaa wetu ndiye aliyetambua mabadiliko kabla sijamwambia mtu. Aliniuliza, "Mama Neema, siku hizi mnakula hotelini?"

Kabla msomaji hajakimbilia Kariakoo, aangalie kwanza risiti yake ya LUKU, kwa sababu bei ya kupikia kwa chombo hiki inategemea kundi la bei ya umeme alilomo kuliko ubora wa chombo chenyewe. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji, ambavyo ndivyo nilivyovitumia katika hesabu zangu zote, mteja mdogo wa nyumbani aliye kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila inayozidi hapo hutozwa 350. Mteja wa kundi la T1, kama sisi, hulipa 292 kwa kila uniti, iwe ya kwanza au ya mwisho. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, bei hizo zinakuwa takriban shilingi 122, 427 na 356. (Kodi ya jengo ya shilingi 1,500 inayokatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi isihesabiwe kama gharama ya kupika, ingawa mume wangu alijaribu kuihesabu.)

Presha kuka yangu inatumia wastani wa uniti 14 kwa mwezi. Kwetu sisi wa T1 hizo ni kama shilingi 5,000, basi. Kwa jirani wa D1 anayetumia uniti 40 kwa mwezi ni raha tupu, kwa kuwa zote 14 zitaangukia kwenye bei ya 122, na mwezi mzima wa maharage na makande utamgharimu chini ya shilingi 1,800. Mwenye kustahili kujihadhari ni yule wa D1 ambaye tayari anatumia uniti 70. Uniti tano za mwanzo atazipata kwa bei nafuu na tisa zilizobaki kwa 427, jambo ambalo bado linavumilika. Lakini akihamishiwa T1 kwa sababu wastani wake umevuka 75, uniti zote 84 zitatozwa 356, na gharama yake ya mwezi itapanda kutoka shilingi 8,540 hadi karibu 29,900. Kwa nyumba ya namna hiyo, bei halisi ya kupikia kwa umeme ni zaidi ya shilingi 21,000 kwa mwezi, hata kama taa ya mita inasema vinginevyo. Sijaona tangazo hata moja la majiko ya umeme linaloeleza jambo hili, wala muuzaji wangu hakuwa na habari nalo.

Niliwahi kuwaza kwamba ni ujinga kuhamia kwenye umeme katika nchi ambayo mwishoni mwa 2023 ilikuwa kwenye mgawo. Hali ya upande wa uzalishaji, hata hivyo, imebadilika kuliko mazoea yetu ya jikoni. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na uwezo huo peke yake unazidi mahitaji ya juu kabisa ambayo gridi ya taifa iliwahi kuyafikia kabla ya mtambo wa kwanza kuwashwa Februari 2024. Mwezi mmoja tu baadaye, Machi 2024, vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa kwa muda kwa sababu umeme ulikuwa umezidi watumiaji. Kabla ya hapo gridi ilitegemea sana gesi asilia ya Songo Songo, inayofika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, na ile ya Mtwara inayopita kwenye bomba lililozinduliwa 2015, pamoja na mabwawa ya zamani kama Kidatu, Mtera na Kihansi ambayo kila ukame yalitukumbusha kwamba yanategemea mvua. Sasa maji ya Rufiji yanageuzwa umeme, yanapita kwenye njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze, na sehemu yake inaishia kwenye soketi yangu, ilhali jikoni kwa nchi nzima hadithi ni nyingine: utafiti wa 2019/20 ulionyesha kwamba karibu kaya tisa kati ya kila kumi Tanzania Bara zilikuwa zikipikia kuni au mkaa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na hali hiyo ifikapo 2034. Magunia yanayoingia Dar es Salaam kutoka Pwani, Morogoro, Tanga na Lindi hayaonyeshi haraka hiyo.

Kuna jambo la pembeni ambalo limenifanya nibishane na watu watatu hadi sasa. Wengi huamini kwamba gesi ya mtungi ndiyo ile ya Mtwara, na kwa hiyo wanaponunua mtungi wanatumia mali ya nyumbani. Sivyo. Gesi ya Mtwara na Songo Songo kwa sehemu kubwa ni methani, inasafiri kwenye bomba na kuzalisha umeme Kinyerezi na Ubungo. Ya kwenye mtungi ni propani na butani, na hiyo huletwa kwa meli kutoka nje. Anayechemsha maharage kwa umeme ndiye aliye karibu zaidi na gesi ya Mtwara kuliko mwenye mtungi.

Nikirudi kwenye chombo, mapungufu yake si madogo. Ugali hausongwi humo: sufuria ya ndani haina mahali pa kuikamatia, inazunguka pamoja na mwiko, na rangi yake nyeusi ya kuzuia kugandia inakwanguka. Chapati, maandazi, samaki wa kukaanga na chochote kinachohitaji mafuta mengi au uso mpana vinabaki kwenye gesi au mkaa. Kuunga kunawezekana kwa kutumia kitufe cha kukaangia, ingawa joto lake linapanda na kushuka bila utaratibu na kitunguu kinaanza kuungua katikati huku pembeni kikiwa bado kibichi, kwa hiyo mimi huchemsha humo na kuungia kwenye gesi. Wali unatoka vizuri kwa dakika chache, lakini pilau lake ni laini mno kwa anayependa ukoko, na katika nyumba yetu wapenda ukoko ndio wengi.

Kosa lililoniudhi zaidi lilitokea wakati wa makande. Uniti ziliisha katikati ya kupika, kwa uzembe wangu mwenyewe, na nilipokwisha kununua kwa simu na kubonyeza tarakimu zote 20, umeme ulirudi lakini presha kuka haikuendelea na kazi yake. Ilikaa kimya ikisubiri amri, kana kwamba ndiyo kwanza imetoka dukani, nami niligundua baada ya nusu saa. Chombo kinachouzwa kwa nchi yenye mita za malipo ya kabla kilipaswa kukumbuka kilikuwa kinafanya nini. Kwa upande mwingine, mgandamizo ulibaki ndani muda wote, na mahindi yalikuwa yameendelea kulainika gizani bila kutumia chochote.

Jambo la usalama nalitaja kwa uzito wake. Wiki ya pili niliichomeka kwenye ekstensheni ya bei rahisi tuliyokuwa tukichajia simu, na baada ya dakika kumi nilisikia harufu ya plastiki. Kichwa cha ekstensheni kilikuwa kimelainika kiasi cha kuacha alama ya kidole. Wati 1,000 si mzigo wa nyaya nyembamba. Tangu hapo inachomekwa moja kwa moja ukutani, kwenye soketi ambayo fundi aliifungua na kuikaza upya, na hairuhusiwi kushirikiana na pasi. Mvuke nao unatolewa kwa kijiko kirefu cha mbao, kamwe si kwa kidole, na watoto wamezuiwa kusogea wakati huo.

Kuhusu fedha, hesabu yangu ni hii. Kabla ya chombo hiki nilikuwa nikimaliza gunia la mkaa la shilingi 80,000 kila baada ya wiki sita. Gunia nililonunua baada ya kukizoea limefika miezi minne na nusu. Ukitoa shilingi 5,000 za umeme, nimekuwa nikiokoa kama 34,000 kwa mwezi, na bei ya kununulia ilirudi ndani ya mwezi wa tano. Familia isiyopika maharage, makande au nyama ngumu angalau mara tatu kwa wiki isitarajie matokeo haya, na anayeishi peke yake akinunua chakula kwa mama lishe hana sababu ya kukihitaji. Kwa familia kama yetu, iliyo T1 au iliyo D1 ikiwa mbali na uniti 75, ningekinunua tena, tena kwa bei ileile.

Ila safari nyingine nitauliza kuhusu raba kwanza. Ile ya ufunikoni ilianza kulegea mwezi wa saba, mvuke ukawa unavuja pembeni, na maharage yaliyokuwa yakila uniti 0.37 yakafika 0.6. Nilizunguka maduka sita Kariakoo nikiwa nayo mkononi. Wenye raba za lita 5 walikuwepo, wenye za lita 8 walikuwepo, na ya lita 6 niliipata kwa fundi wa blenda mtaa wa nyuma, aliyeitoa kwenye chombo kibovu na kuniuzia kwa shilingi 12,000 bila kupunguza hata senti.