Tathmini: Video fupi za afya, zinavyotumiwa Dar es Salaam

Huduma ninayoitathmini haina dirisha la mapokezi wala foleni. Ni video fupi za afya kwa Kiswahili, zilizojaa TikTok, Instagram na YouTube, ambazo wakazi wengi wa jiji hili huzitazama kabla ya kwenda zahanati, na pengine badala ya kwenda.

Zinaaminiwa kwa sababu zenye uzito. Daktari mwenye wagonjwa wengi mlangoni huandika cheti na kumwita anayefuata, lakini anayezungumza kwenye simu hueleza presha, sukari na bawasiri kwa maneno ya nyumbani, na mtazamaji anaweza kumrudia usiku, peke yake, bila kumwonea mtu haya. Kwa mambo ya kuonwa kwa macho, sijaona huduma inayozishinda: jinsi ya kumpakata mtoto anayenyonya, jinsi ya kuvuta pampu ya pumu, au jinsi ya kuyeyusha paketi ya ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) ya lita moja katika lita nzima ya maji safi na salama, pamoja na kukumbushwa kwamba vidonge vya zinki huendelezwa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma.

Ila imani hiyohiyo hubebwa na muuza dawa anayeanza kwa somo zuri na kumalizia kwa namba ya WhatsApp. Kinachouza hapo ni ushuhuda wa aliyepona, nao haukuanza na simu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari hadi Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 kwa sababu walisikia fulani amepona. Simu imeongeza marudio. Programu huangalia umetazama nini na kwa muda gani, kisha inakuletea zinazofanana, hata mtu aliyetazama moja inayodai kitunguu saumu huponya presha akakutana na kumi zinazosema jambo lilelile, akaona ni kumi waliothibitisha.

Hapo ndipo ninapoinyima huduma hii alama nyingi, kwa kuwa presha kwa kawaida haina dalili: aliyeacha vidonge hujiona mzima, humshukuru mtoa video, na kipimo cha 140/90 au zaidi kinaendelea kuharibu mishipa hadi kiharusi kimwangushe.

Ninazipendekeza kwa kuelewa ugonjwa na kuandaa maswali ya kumuuliza daktari, kamwe si kwa kuanza, kubadili au kuacha dawa. Kwa hilo kuna kituo cha afya, na kwa ushauri wa haraka kuna namba 199 ya Wizara ya Afya. Na anayejiita daktari mbele ya kamera aonyeshe, tangu mwanzo wa video, namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika.